Upande wa Bonde

Kaka yangu alijifunza theluji kwa sauti yangu. Yeye alikuwa Canada, katika milima ya upande ule wanakozungumza Kifaransa, na mimi nilikuwa Bunia, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, mahali pekee katika parseli yetu ambapo mtandao haukatikikatiki. Kule kulikuwa alfajiri, hapa saa sita mchana. Alipiga picha kurasa za kitabu cha mafunzo akanitumia, nami nikazisoma, nikazigeuza kuwa Kiswahili cha kwetu, nikamrudishia kwa odio. Kaka yangu hasomi vizuri. Shule aliiacha akiwa darasa la tano, akamfuata baba kwenye mashimo ya dhahabu ya Bambu, na Kifaransa anachokijua ni kile cha kuomba kazi na kusema asante.

Vita vilipofika kijijini kwetu Djugu, yeye alikimbilia upande wa ziwa, akavuka hadi Uganda. Mama na mimi tulikimbilia Bunia. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka alikaa kambini miaka mingi, kisha jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaopelekwa mbali. Miaka yake ya kwanza huko alikata kuku ndani ya chumba cha baridi mpaka vidole vikavimba. Halafu akapata nafasi katika kikosi kinachosafisha barabara ya mlimani majira ya baridi, akafurahi kama mtu aliyetolewa gerezani. Ila hakuna aliyeruhusiwa kupanda kabla ya kumaliza mafunzo na kupita mtihani: kujenga kibanda cha theluji na kulala ndani yake, kuutambua mlima unaotaka kuanguka, na kumtoa mtu aliyefukiwa. Akishindwa, angerudi kwenye kuku.

"Dada," aliniambia siku ya kwanza, "weye ndiyo masikio yangu. Ukikosea, na miye niko nakosea."

Nilicheka. Ninafundisha Kifaransa sekondari. Nilikuwa nimetoa riwaya moja nyembamba na kuanza ya pili, na kila Jumamosi nilikaa na wenzangu wa kikundi cha waandishi katika chumba cha parokia, tukigombania neno moja hadi chai ipoe. Nilidhani maneno ni kitu ambacho siwezi kukikosea.

Tabu ya kwanza ilikuwa theluji yenyewe. Kwetu barafu ni ile ya friji, inayofungwa ndani ya vifuko na kunyonywa na wanafunzi wakitoka shule. Theluji ni neno la kanisani, linasikika pale dhambi zinapooshwa, kisha linarudishwa ndani ya Biblia mpaka mwaka ujao. Kaka aliyakataa yote mawili.

"Barafu ni ngumu, dada. Hii haiko ngumu. Iko sawa bunga ya muhogo, ile yenye imetoka kwenye kinu sasa hivi. Ukipuliza inaruka."

Basi kati yetu theluji ikaitwa bunga, unga wa kwetu. Mlima wa bunga, nyumba ya bunga, kiatu kimejaa bunga. Nilipowaeleza wenzangu wa kikundi kwamba ninatafuta maneno ya mambo haya, mshairi wetu mkubwa, mzee aliyestaafu ualimu, alinitazama juu ya miwani.

"Bunia iko na vumbi mpaka ndani ya sahani, na weye uko unatafuta theluji? Andika vumbi, mama. Tutaelewa."

Wote walicheka, hata mimi.

Sehemu ya kibanda ilikuwa nyepesi. Nilimsomea kaka: tafuta mahali ambapo bunga imejikusanya nyingi, mbali na mteremko unaoweza kuanguka. Chimba mlango mdogo, kisha panda. Sakafu ya kulala iwe juu kuliko mlango, kwa sababu hewa baridi ni nzito, itashuka na kutoka yenyewe. Paa liwe la mviringo, ulilainishe kwa mkono wa glavu, lisiwe na ncha hata moja, ili maji yanayoyeyuka yateremke ukutani badala ya kukudondokea usingizini. Toboa tundu la hewa kwa fimbo na uliangalie kila mara, maana upepo hulifunga. Na usichimbe kwa haraka. Jasho likilowesha nguo zako, baridi itakuua ndani ya nyumba uliyoijenga wewe mwenyewe.

"Ile yote niko najua," alijibu. "Ni galeri tu, ile njia ya ndani ya shimo. Galeri ya bunga. Uwaambie siye tulikuwa tunalala ndani ya udongo na hakuna mwenye alitupa diploma."

"Kitabu kinasema uwashe mushumaa. Ukianza kufifia, ujue hewa inakwisha."

"Bambu tulikuwa tunafanya vile vile! Yule aliandika kitabu, ulizia kama hakupita Bambu."

Siku mbili baadaye alituma picha. Ndani ya tundu jeupe lenye mwanga wa buluu, kaka yangu ameketi, koti jekundu, meno yote nje. Alisema mwalimu wao, mwanamke kijana mwenye masikio yaliyochubuliwa na baridi, aliwaita wanafunzi wengine waje kulitazama paa lake. Nilikimbia kumwonyesha mama. Mama aliitazama kwa muda, akaniuliza mlango uko wapi. Nikamwonyesha doa jeusi chini ya miguu ya kaka.

"Ameingia tena ndani ya shimo," alisema, akanirudishia simu.

Kurasa za mlima unaoanguka zilikuwa habari nyingine. Wenzangu wa kikundi walinipa neno maporomoko, lakini kaka alitaka lile la mashimoni, ebulema, ambalo kila mtu wa Bambu analijua kabla ya kujua jina la chifu. Nilimsomea ishara zake: mteremko mkali, upepo uliobeba bunga mpya na kuilaza juu ya bunga ya zamani bila kushikana nayo, ufa unaokimbia mbele ya kiatu, na sauti, sauti moja nzito chini ya miguu, kama mtu aliyeshusha pumzi baada ya kuibana siku nyingi. Ukiisikia, rudi kwa njia uliyojia. Mahali pa mashaka mpite mmoja mmoja, wengine wakimwangalia anayepita. Kila mmoja avae kifuani chombo kidogo kinachoita, ili akifukiwa, vyombo vya wenzake vimsikie.

Hapo kaka alipunguza mizaha. "Mulima iko inapumua, dada," aliniambia asubuhi moja, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaogopa mlima usije ukamsikia. "Jana nilisikia. Mwalimu aliturudisha wote. Hakuna kitu kilianguka, lakini nilisikia."

Kisha ukaja ukurasa wa kuchimba. Ulisema kwamba chombo cha kifuani kikikufikisha karibu na aliyefukiwa, chomachoma bunga kwa kile kijiti kirefu cha chuma mpaka umguse. Ukimgusa, usikitoe kijiti. Halafu likafuata neno la Kifaransa lenye maana ya kule maji yanakoelekea, upande wa chini wa mteremko. Uchimbe upande huo.

Siku ile nilikuwa na haraka. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na sombe ya majani ya muhogo kwenye makaa. Nikabonyeza, nikasema: "Ukishagusa mutu, acha kijiti pale pale. Halafu uchimbe chini yake."

Chini. Neno fupi, safi. Kichwani mwangu chini palikuwa upande wa mteremko, kule maji yanakoshuka. Kichwani mwa mchimbaji wa Bambu, kuchimba chini ni kuchimba chini: pale pale unaposimama, kati ya miguu yako. Chini ya ukurasa kulikuwa na aya nyingine ya herufi ndogo. Sikuisoma. Sombe ilikuwa inaungua.

Jumatatu alinitumia video iliyopigwa na mwenzake. Ulikuwa mtihani: walikuwa wamefukia mfuko mkubwa wenye umbo la mtu. Kaka aliufikia kabla ya wenzake wote. Chombo kikalia, kijiti kikagusa, akakiacha kimesimama. Halafu akapanda pale pale juu ya mfuko uliofukiwa, akatanua miguu, akaanza kuchimba. Sikuwa nimewahi kumwona akichimba kabla ya siku ile, nilikuwa nasikia tu habari. Bunga ilikuwa inaruka kama inatoka kwenye mashine. Sauti ya yule mwalimu ilisikika ikipiga kelele lile neno la maji yanakoelekea, mara mbili, mara tatu. Kaka aliinua kichwa akatabasamu. Alidhani anashangiliwa. Akaongeza nguvu.

Chini ya video kulikuwa na odio. "Dada, wamesema nimeanguka mutihani. Juu ya nini? Nilifika wa kwanza! Wamenipa mara moja tena, siku ya tano, Ijumaa. Angalia vizuri ile kurasa, uniambie nimekosea wapi."

Niliuangalia ukurasa, nikaona mahali alipokosea. Kosa lilikuwa langu. Kisha nikaisoma ile aya ya herufi ndogo.

Ilisema kwamba aliyefukiwa anaishi kwa hewa kidogo iliyobaki mbele ya uso wake. Anayesimama juu yake anaigandamiza bunga, na hewa ile inakwisha. Kwa hiyo waokoaji washuke hatua kadhaa upande wa bonde, wachimbe kuelekea ndani, wamfikie kwa ubavu kama watu wanaofungua mlango. Mtu asisimame juu.

Niliisoma mara mbili. Nikaizima simu na kuiweka kwenye majani.

Habari ya kifo cha baba ina umbo moja nyumbani kwetu. Asubuhi ya mvua shimo lilianguka Bambu. Halikuwa refu. Waliokuwa karibu walisema wameisikia sauti ya baba chini ya udongo. Kaka, kijana wa miaka kumi na saba, alikimbia kutoka shimo jingine, akarukia juu ya kifusi, na wanaume wengine wakapanda naye. Alichimba kwa mtalimbo, akachimba kwa sepeto, kisha kwa mikono, mpaka kucha zikang'oka. Walipomfikia baba, mwili ulikuwa bado una joto. Habari hii ilisimuliwa kwenye matanga, ikasimuliwa kanisani, ikasimuliwa na wajomba kila walipotaka kumsifu kijana yeyote. Kaka mwenyewe haisimulii. Wengine wakiisimulia, yeye huangalia mikono yake. Nadhani ndicho kitu pekee cha siku ile anachoweza kukitazama.

Udongo si theluji. Nilijiambia hivyo. Udongo uliolowa ni mzito, unavunja kifua kabla hewa haijakwisha, na huenda baba alikufa mara ile ile kuta zilipokutana. Huenda. Lakini walisema wameisikia sauti yake, na mimi nilijua kaka alisimama wapi.

Jumanne nilijaribu kupita katikati. "Yaya," nilisema, maana ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, "kosa ni yangu. Si chini. Ni upande wa bonde. Ushuke hatua tatu, nne, halafu uchimbe ukimufuata kwa ubavu."

Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu.

"Upande wa bonde ni mbali! Juu ndiyo karibu. Mutu iko anakufa, na miye niko namuzunguka sawa kuku yenye imekata kamba? Hapana, dada. Uangalie tena. Na mwalimu anauliza sababu ya kila kitu, hapendi mutu wa kurudilia tu. Juu ya nini upande wa bonde? Juu ya nini si juu?"

Sisi watu wa huku hatusemi sana kwa nini. Tunasema juu ya nini. Nimeisema sentensi hiyo tangu nilipoanza kuongea na sikuwahi kuisikia, mpaka mchana ule, kaka akiniuliza juu ya nini, juu ya nini, na mimi nikijua alikuwa juu ya nini.

Nilirekodi nikafuta. Nikarekodi tena, nikasema ni sheria yao tu wazungu, nikafuta. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akichambua maharage kwenye ungo. Alikuwa akikaa pale kila mchana nilipokuwa nikisoma, wala sikuwahi kujiuliza anasikia kiasi gani. Ningeweza kumwachia kaka mikono yake. Angeanguka Ijumaa, angerudi kwenye kuku, na baba angebaki mtu aliyechimbwa na mwanawe mpaka kucha zikang'oka. Au angepita kwa bahati, apande mlima na mwenzake, na siku mlima ukishusha pumzi, akimbilie kijiti na kusimama juu yake.

"Juu ya hewa, yaya," nilisema mwishowe. "Mutu mwenye iko ndani iko na hewa kidogo mbele ya uso. Ukisimama juu yake, unaikanyaga. Inakwisha."

Alama zikageuka buluu. Alisikiliza.

Jumatano hakukuja ukurasa. Alhamisi mchana nilikaa kwenye kiti changu na simu kwenye magoti, jua likanipiga mpaka nikahamisha kiti mara mbili.

"Kaka yako amenyamaza?" mama aliuliza.

"Iko anasoma."

"Anasoma na nani, na weye uko hapa?"

Ijumaa, saa sita kasoro, iliita simu ya mama, siyo yangu. Ni ile ndogo ya vibonye, na kwa kuwa sikio lake la kushoto limekufa, huiweka sauti kubwa na kuishika mbele ya mdomo kama kipande cha muwa. Kaka alimsalimu. Aliuliza mvua, aliuliza mguu wake, aliuliza jirani. Kisha nikasikia injini ya gari nyuma yake.

"Mama. Ile siku ya baba. Miye nilisimama wapi?"

"Ulisimama wapi namna gani?"

"Nilikuwa juu yake?"

Mama hakunitazama. Aliuweka ungo chini taratibu.

"Sikia, mutoto yangu. Siye wamama wa kutwanga mawe tulifika mbele yako. Tulikuwa pale juu, wengi, tunalia, tunaruka, tunajitupa chini. Na miye nilikuwa katikati yao. Kama kuna mutu alimukanyaga muzee, ni miye. Weye ulipofika alikuwa amenyamaza zamani. Ulichimba mutu mwenye amekwisha kufa, basi."

"Lakini mwili ulikuwa na moto, mama."

"Udongo iko na moto yake. Uliza mutu yeyote mwenye kulima."

Injini ikasikika tena, kwa muda mrefu.

"Nenda kwa mutihani," mama alisema. "Na usimame pale wanasema usimame. Usijifanye mujuaji."

Alikata simu, akauinua ungo. Akaendelea kuchambua. Lakini siku ile mama hakuwa Bambu akitwanga mawe ya dhahabu. Siku ile tulikuwa shambani, yeye na mimi, mwendo wa saa tatu kutoka Bambu. Nilikuwa na miaka tisa, nimeshika kikapu, na yeye alikuwa anang'oa muhogo wakati mtu aliyetumwa alipotokea kwenye njia na kuvua kofia kabla hajafika. Tulipoingia Bambu jua lilikuwa linazama na baba alikuwa amekwisha kuoshwa, amelazwa kwenye mkeka.

"Mama," nilisema.

"Moto inazimika kule," alisema. "Pepea."

Jumamosi sikwenda kwenye kikundi. Saa sita ilikuja picha ya karatasi yenye muhuri, na jina la kaka yangu limeandikwa vibaya lakini ni lake. Odio ikafuata. Alisema kwamba kijiti kilipogusa, alishuka hatua nne, upande wa bonde, akachimba kuingia ndani, na ule mfuko aliukuta kwa upande wa uso. Mwalimu alimuuliza sababu. Alijibu kwa Kifaransa chake, maneno machache: ni kwa ajili ya hewa. Mwalimu akampa mkono. Aliyaeleza yote haya kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

Kisha ikaja odio ya pili, ya sekunde chache.

"Dada. Weye ulikuwa mudogo, lakini uko unakumbuka kila kitu, ndiyo kazi yako. Mama alikuwa pale kweli?"

Niliisikiliza mara nne. Ng'ambo ya uzio wa matete mama alikuwa anaanika nguo kwenye kamba ya jirani, nikiona miguu yake tu, na kandambili moja imegeuka. Nilifikiri juu ya udongo na juu ya theluji. Nilifikiri kwamba kikundini nimewahi kumkemea mwenzangu hadi akalia, kwa sababu aliandika jambo ambalo halikutokea. Nikabonyeza.

"Alikuwa pale, yaya. Alifika mbele yako."

Alama zikageuka buluu. Nilingoja. Aliandika, akaacha, akaandika tena, yeye asiyependa kuandika. Neno la kwanza lilikuwa: sawa. La pili: kesho napanda.

Mama alirudi na beseni tupu kiunoni.

"Amesema nini?"

"Amepita. Kesho anapanda mulima."

Alisimama mbele yangu, akanifunika jua.

"Ameuliza kitu?"

"Hapana, mama," nilisema. "Hakuuliza kitu."